Yule, Huyo, Huyu: Vionyeshi na Taharuki katika Utafsiri wa Papo kwa Papo wa Filamu ya Darr

Filamu ya Darr, iliyoongozwa na Yash Chopra na kutolewa mwishoni mwa mwaka 1993, ina msuko ambao mzoefu wa filamu za Kihindi anaweza kuukisia nusu yake. Kiran (Juhi Chawla) amechumbiwa na Sunil (Sunny Deol), ofisa wa jeshi la wanamaji. Rahul (Shah Rukh Khan), aliyesoma naye chuoni, anampenda kwa siri. Anampigia simu bila kujitaja, anamnyemelea nyumbani kwake, na hatimaye anawafuata wanandoa hao hadi kwenye fungate yao Uswisi. Nusu isiyokisika imejengwa juu ya sauti. Mwanzoni kabisa Kiran anasikia wimbo na kuamini kuwa mwimbaji ni mchumba wake, kumbe siye. Kwenye simu, jina la Kiran linamkwama Rahul kwa kigugumizi. Na yule mama ambaye Rahul huzungumza naye kwa simu, akimweleza siri za moyo wake, ni marehemu wa miaka mingi.

Sasa tujiulize: filamu ambayo hofu yake imo ndani ya sauti inakuwaje pale sauti hiyo inapopunguzwa na kufunikwa na ya mtu mwingine? Swali hili si la kinadharia. Mwandishi wa makala haya aliitazama Darr kwa mara ya kwanza mwishoni mwa miaka ya 1990 katika kibanda umiza kimoja cha Makambako, mji unaokutanisha barabara kuu ya kwenda Zambia, ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA. Hadhira yetu ilikuwa ya njia panda: matingo, wauza viazi waliopanda kutoka Wanging'ombe, wanafunzi waliotoroka shule, wote wamejikunyata ndani ya makoti kwa baridi. Kihindi hakuna aliyekijua. Kando ya runinga aliketi mtafsiri na kipaza sauti chake.

Sanaa hiyo haikuzaliwa Makambako. Huko Dar es Salaam, Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, aliifikisha kwenye kanda za video zilizosambaa nchi nzima. Uganda ina wenzake na Kenya ina DJ Afro. Matthias Krings, aliyeichunguza kwa makini, anaieleza kwa sitiari ya wali unaogeuzwa pilau. Sitiari hiyo ni tamu, ila inatuelekeza kwenye viungo, yaani utani, methali na majina ya mitaa yanayochomekwa. Hoja yangu ni kwamba kazi kubwa zaidi ya mtafsiri hufanyika katika maneno madogo ambayo hakuna anayeyahesabu kuwa kiungo.

Tuchukue sentensi moja tu: "Anampenda." Katika pembetatu ya mapenzi, sentensi hiyo ya Kiswahili ni fumbo. Kiambishi a- hakisemi kama mpendaji ni mwanamume au mwanamke, wala -m- haisemi apendwaye ni nani. Kitenzi cha Kihindi, katika njeo nyingi, hubeba jinsia, chetu hakibebi. Kwa wahusika watatu wanaopendana, kukataana na kuwindana, mtafsiri asiye na muda wa kufikiri hulazimika kutafuta msaada mahali pengine. Wa Makambako aliupata kwenye vionyeshi.

Kwa kadiri ninavyokumbuka, katika sehemu ya kwanza Rahul hakuitwa jina. Alikuwa "yule". "Yule kapiga tena." "Yule anajua nguo aliyovaa." Sunil alikuwa "huyu", hata alipokuwa baharini, mbali na Kiran kwa mamia ya maili. Ukaribu uliopimwa na mtafsiri haukuwa wa picha bali wa haki: huyu ni wetu, yule si wetu. Kisha ikaja sherehe ya Holi. Watu wamepakana rangi, nyuso hazitambuliki, na Rahul amejipenyeza miongoni mwa wapiga ngoma. Hapo mtafsiri alimgeukia Kiran mwenyewe: "Dada, huyo! Huyo hapo kwako!" Sarufi zetu hufundisha kuwa huyo ni wa karibu na msikilizaji. Msikilizaji hapa alikuwa mwanamke aliye ndani ya kioo, naye hakuweza kusikia. Benchi zima lilipiga kelele kumsaidia. Na Rahul alipoketi na wanandoa Uswisi, akiaminiwa kama rafiki, kionyeshi kilibadilika tena. Tukaambiwa kwa sauti ya chini: "Huyu." Neno lililokuwa la Sunil lilikuwa limeporwa. Sijapata kusoma maelezo ya taharuki yanayoifikia hatua hiyo fupi, kutoka yule hadi huyu.

Mhakiki wa tafsiri atalalamika kuwa mtafsiri huyu alivujisha siri. Ni kweli. Habari ya mama aliyekufa alitupa mapema mno: "Anaongea na kaburi!" Lakini kuvujisha si lazima kuue taharuki. Baazigar, filamu nyingine ya mwaka huohuo wa 1993 yenye mwigizaji huyohuyo, imechota kutoka riwaya ya Ira Levin, A Kiss Before Dying. Riwaya huficha kwa muda mrefu muuaji ni nani. Filamu inatuonyesha uso wake akiua. Swali la "nani" linakufa, la "lini atagundulika" linazaliwa. Mtambaji wa ngano hufanya hivyo kila jioni, kwa kuwa hadhira yake inazijua hadithi tayari.

Lawama yangu iko kwingine. Inafahamika kwamba Darr, iliyomweka Sunil kuwa shujaa, ilimpa umaarufu zaidi mwigizaji wa Rahul, na mashabiki wengi wakatoka wakimhurumia mnyemeleaji. Mtafsiri wetu alikuwa na uwezo wa kulizuia hilo, na kwa muda alilizuia: Rahul alipojichora jina la Kiran kifuani kwa kisu, aliitwa "lijamaa", katika ngeli ya ukubwa unaochukiza. Vijana waliokuwa wameanza kushangilia wakacheka badala yake. Kiambishi kimoja kilifanya kazi ambayo mwongozaji hakuifanya. Lakini kwenye boti, Sunil alipomuua Rahul, ulisikika upole wa ghafla: "Kijana yule alipenda." Ngeli ya watu imerudi, na kitenzi kimebaki bila mtendwa. Alimpenda nani? Kiambishi -m- kilichotakiwa kumbeba Kiran hakikuwepo.

Nikikumbuka tena onyesho lile, naona pengo hilo halikuanzia kwenye boti. Mtafsiri aliwasemea wanaume wote wawili kwa nafsi ya kwanza, akibadilisha sauti: nzito kwa Sunil, ya kukwamakwama kwa Rahul. Kiran alionywa, alihurumiwa, aliitwa dada. Katika muda wote wa filamu ile ndefu, sikumsikia hata mara moja akisema "mimi".