Wasifu wa Janis Joplin kwa Vijana: Funzo au Mahubiri?

Wasifu wa msanii aliyeangamia kwa ulevi ni mgumu kuandikiwa vijana. Mwandishi husimama baina ya makosa mawili: kukifanya kifo fimbo ya kumtishia msomaji, au kukipamba hata kionekane ndicho kilele cha usanii. Kwa mizani hiyo chapaswa kupimwa kitabu cha Ann Angel, Janis Joplin: Rise Up Singing, kilichotolewa Marekani mwaka 2010 na kupata, mwaka 2011, tuzo ya wakutubi wa YALSA ya vitabu vya vijana visivyo vya kubuni.

Maisha yanayosimuliwa yalikuwa mafupi. Mwimbaji huyu wa roki alizaliwa Port Arthur, Texas, mwaka 1943. Akadhihakiwa na wanafunzi wenzake. Akavuma katika tamasha la Monterey mwaka 1967. Akafa kwa heroini huko Los Angeles tarehe 4 Oktoba 1970, akiwa na umri wa miaka 27. Mwisho huu wajulikana hata kabla kitabu hakijafunguliwa.

Jina la kitabu, ambalo ni mwangwi wa "Summertime", wimbo wa George Gershwin alioupenda Joplin kuuimba kwa namna yake, ladhihirisha uamuzi wa mwandishi: sauti imetangulizwa mbele ya kaburi. Uamuzi huu ni wa busara. Sauti ile ilifunzwa kwa kusikiliza santuri za Bessie Smith na waimbaji wengine Weusi wa bluzi, katika mji uliotenga watu kwa rangi zao. Kijana akionyeshwa jasho hilo hataamini kwamba ulevi ndio mama wa usanii.

Lakini sifa za sauti zisifunike jeraha. Mwezi wa Agosti 1970 Joplin alichangia gharama za jiwe la kaburi la Bessie Smith, lililokosa alama tangu 1937. Kabla miezi miwili haijatimia, naye alikuwa maiti. Matukio haya yakiwekwa sambamba hayahitaji maelezo.

Shaaban Robert alimwandika Siti binti Saad awe kielelezo chema kwa wasomaji. Joplin hawezi kuwa kielelezo cha namna hiyo, wala si haki kumgeuza onyo tupu. Wasifu unaowaheshimu vijana huwapa matukio kwa ukamilifu wake, kisha huwaachia hukumu.