Padri Asiyeulizwa

Wahakiki wetu wamezoea kusema kwamba fasihi ni kioo cha jamii. Usemi huo ni wa kweli, lakini haujitoshelezi, kwani kioo humwonyesha mtu uso wake, na madoa mengine hukaa mgongoni. Katika makala hii tunakusudia kuitazama riwaya moja ya Kiafrika iliyothubutu kuuonyesha mgongo wa misheni. Riwaya hiyo ni Le Pauvre Christ de Bomba, yaani Kristo Maskini wa Bomba, iliyoandikwa kwa Kifaransa na Mongo Beti wa Kameruni, na kuchapishwa Paris mwaka 1956. Mwandishi huyu, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Alexandre Biyidi (1932–2001), alisomeshwa na misheni, kisha akafukuzwa shuleni angali mvulana. Aliyoyaandika aliyajua kwa karibu.

Kisa chenyewe kinatendeka katika miaka ya 1930, chini ya utawala wa Wafaransa. Msimulizi ni Denis, mtumishi mdogo wa Padri Drumont, mkuu wa misheni ya Bomba. Padri anafunga safari ya kuwazuru watu wa Tala, ambao kwa muda wa miaka mitatu amewanyima ziara yake ili kuwaadhibu kwa kurudi nyuma katika dini. Anawakuta wameendelea na maisha yao bila yeye. Ngoma zinachezwa, wanaume wameoa wake wengi, na makanisa yanabomoka. Anavunja ala za ngoma, anakemea, anadai mchango wa kanisa, na kila jioni shaka inamzidi. Mpishi wake, Zacharie, anamweleza bila haya kwamba watu walimwendea ili wapate siri ya nguvu ya Mzungu, wala hawakuwa wakitafuta habari za roho. Naye Vidal, mtawala wa wilaya, anafurahi, kwani kazi ya shokoa barabarani itawakimbiza Watala kanisani kutafuta kinga. Hapo ndipo Drumont anapong'amua kwamba msalaba wake na kiboko cha serikali vimekuwa vikivuta kamba moja.

Lakini pigo kubwa linamngoja nyumbani. Bombani mna nyumba iitwayo sixa, ambamo wasichana wanaotaka ndoa ya Kikristo hukaa kwa miezi kadhaa wakifundishwa dini, huku wakifanya kazi za misheni bila ujira. Nyumba za namna hiyo hazikubuniwa na mwandishi. Zilikuwapo kweli katika misheni za kusini mwa Kameruni. Sasa inafichuka kwamba katekista Raphaël, aliyekabidhiwa ulinzi wa nyumba hiyo, ameigeuza danguro, na daktari anathibitisha kwamba kaswende imeenea humo.

Msomaji mwepesi atasema kwamba riwaya hii inawakejeli mapadri kwa uzinzi wao. Sivyo. Drumont hazini, haibi, wala halewi. Mtu huyu ni msafi wa mwili, tena ni mchapa kazi. Kosa lake ni kwamba katika miaka yote aliyokaa Bomba hakuwahi kuingia kutazama wasichana wanalala wapi, wanakula nini, na nani anawaamrisha usiku. Hakuuliza, na hakuna aliyethubutu kumwuliza yeye. Tangu mwanzo wa kitabu, Denis anatusimulia jinsi watoto walivyomfananisha padri huyu na picha ya Yesu, kwa ndevu zake na kanzu yake. Mzaha huo wa kitoto ndio mzizi wa maafa yote. Mtu akishafananishwa na Mungu, nani atamdai hesabu?

Dhamira hii itaonekana wazi zaidi tukimlinganisha Drumont na padri mwingine wa kubuni. Mwaka 1940 Mwingereza Graham Greene alitoa riwaya The Power and the Glory, inayosimulia habari za padri wa Mexico wakati kanisa lilipokuwa likiandamwa na serikali. Padri huyo ni mlevi, tena amezaa mtoto. Hata hivyo anarudi kumwungamisha mtu anayekufa, akijua kwamba ni mtego, na anauawa. Mwaka 1953 wakuu wa Roma waliilaumu riwaya hiyo. Lakini mafundisho yanayoibeba ni ya kale, nayo yalishindaniwa katika ardhi ya Afrika, pale Augustino wa Hippo alipobishana na Wadonato. Alishikilia kwamba neema ya sakramenti haitokani na usafi wa padri anayeitoa.

Mafundisho hayo yaliwekwa yamfae muumini, asije akakosa ubatizo au maondoleo kwa sababu ya dhambi ya mtu mwingine. Ubaya huanza ngao ya muumini inapogeuzwa kuwa ngao ya padri. Mwaka 2002 magazeti ya Boston, Marekani, yalifichua kwamba mapadri waliowanajisi watoto walikuwa wakihamishwa kimyakimya kutoka parokia moja hadi nyingine, na mwishoni mwa mwaka huo Kardinali Bernard Law akajiuzulu uaskofu wa mji huo. Mwaka 2019 Papa Fransisko alitoa sheria iliyowapasa mapadri na watawa kutoa taarifa za maovu ya namna hiyo kwa wakuu wao. Kanisa lenyewe, basi, limekiri kwamba daraja takatifu halimwondolei mtu wajibu wa kuulizwa. Katika ahadi za mwanachama wa TANU lilikuwamo neno kwamba cheo ni dhamana. Altare nayo ni cheo.

Hata hivyo, riwaya hii haikukosa dosari, nasi hatuna budi kuitaja. Sixa inapofichuka, wasichana wanahojiwa mmoja mmoja huku wakichapwa viboko, kisha wanarudishwa makwao. Drumont anaondoka kwenda Ulaya na huzuni yake, na mwandishi anatutaka tuitazame huzuni hiyo kwa kituo. Wasichana hatuwasikii tena. Wamepewa sauti kwa kitambo tu, tena kwa fimbo, tena kupitia masikio ya mvulana anayempenda padri wake. Mongo Beti aliona jinsi wanyonge walivyodhulumiwa, lakini mizani ya kitabu chake bado inaelemea upande wa mwenye cheo.

Tungependa walimu wasiikwepe riwaya hii kwa kuhofia kuwaudhi waumini, wala wasiifundishe kwa kicheko. Misheni zilijenga shule na hospitali, na wengi wetu tulijifunza kusoma katika madawati yake. Shukrani hiyo haituzuii kuuliza. Mwanafunzi asiombwe kuamua kama dini ni ya kweli au ya uongo. Hilo si kazi ya somo la fasihi. Aulizwe: nani alikuwa na ufunguo wa sixa? Nani alijua akanyamaza? Na msichana mmoja angetaka kushtaki, angemwendea nani? Akiisha kuyajibu hayo kutoka katika kurasa za kitabu, atazame bweni lake mwenyewe, chama chake na ofisi atakayoajiriwa kesho, na aulize maswali yayo hayo.