Lakabu za Vikosi vya Askari: Kisa na Asili ya Neno

Kikosi cha askari huwa na jina lililoandikwa katika daftari la serikali, na mara nyingi huwa na jina jingine lililotoka vinywani mwa watu. Hilo la pili ndilo lakabu, na kwa kawaida hufuatana na kisa cha kulieleza. Katika makala hii nakusudia kuonyesha kwamba kisa na asili ya neno ni mambo mawili, na kwamba sisi tunaochunguza lugha tumezoea kuridhika na kisa.

Tuanze na Uingereza, ambako lakabu hizi zimehifadhiwa kwa wingi. Tarehe 16 Mei, 1811, huko Albuera katika Hispania, kikosi cha 57 cha askari wa miguu kilipata hasara kubwa sana. Husimuliwa kwamba kamanda wake, William Inglis, ingawa alikuwa amejeruhiwa, aliwahimiza askari wake wafe kwa ugumu. Kikosi hicho, na Middlesex Regiment iliyokirithi mwaka 1881, kikapata jina ambalo tunaweza kulifasiri Wagumu wa Kufa. Mwaka huohuo, huko huko Hispania, askari wa farasi wa kikosi cha 11 walivamiwa na Wafaransa katika shamba la matunda ya cheri. Wakaitwa Wachuma Cheri. Jina la kwanza ni la sifa, la pili ni la dhihaka. Hata hivyo yote mawili yalitunzwa kwa fahari, kwa sababu vikosi hivyo vilikuwa na watu wa kuandika historia yao.

Jeshi la Waingereza lilipoajiri Waafrika, mambo yalikwenda njia nyingine. King's African Rifles iliundwa mwaka 1902, na wenyeji wakaiita Keya. Yatosha kusema kwamba jina hili latokana na herufi K, A na R? Hayatoshi. Herufi hizo zikitamkwa kwa Kiingereza hutoa kei-ei-aa, kwa kuwa Waingereza wengi hawaitamki r iliyo mwishoni. Lau neno lingalitoka katika maandishi, tungalitazamia kupata kari. Keya basi ni neno lililopita sikioni, si machoni. Lilitungwa na watu waliosikia amri, wala hawakungoja kuzisoma.

Kariakoo latuonyesha zaidi. Asili yake ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliowachukulia Waingereza vyakula na risasi katika vita vya 1914-1918. Waingereza walipoutwaa mji wa Dar es Salaam, Septemba 1916, waliweka kambi ya wapagazi mahali panapoitwa hivyo mpaka leo. Herufi p na s za Corps hazitamkwi, kwa hiyo hazimo. Tena, Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Sauti ndefu ya Kiingereza ikagawanyika ko na o, mkazo ukakaa juu ya ko. Huko Nairobi jina lilo hilo huandikwa Kariokor. Nionavyo mimi, r hiyo ya mwisho imetiwa na mtu aliyekuwa akitazama tahajia ya Kiingereza.

Lakini sarufi peke yake haimalizi kazi. Wapagazi hao walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Hesabu za serikali zenyewe zilikiri vifo zaidi ya 40,000, na wanahistoria wamekadiria zaidi ya hapo. Hawakuwa na mwandishi wa kutunza kisa chao kama Wachuma Cheri. Walichoachiwa ni neno tu, nalo limegeuka kuwa jina la soko. Kamusi isemayo kwamba Kariakoo ni mtaa na soko, ikaishia hapo, haikusema uongo. Lakini imewazika watu hao mara ya pili.

Kwa hiyo, anayechunguza lakabu ya kikosi hana budi kuuliza mambo matatu: ni nani aliyeitoa, ilipita sikioni au machoni, na ni nani aliyekitunza kisa chake. Penye kisa kizuri, na tukipime kwa kanuni za sauti. Pasipo na kisa, tusidhani kwamba hapakuwa na watu.