Dakika tisini ubavuni mwa Zidane

Kumkaba mtu kwa mtu ni kazi ambayo ikifanywa vizuri haiachi alama. Mfungaji huacha bao. Kipa huacha mpira alioupangua, na beki huacha ule alioufagia hadi jukwaani. Mkabaji akiimaliza kazi yake, kinachobaki ni pasi ambayo haikupigwa, na hakuna kamera inayoweza kurudia pasi ambayo haikupigwa. Kwa hiyo anayetaka kumwona Paul Lambert akiwa kazini usiku wa tarehe 28 Mei 1997, katika uwanja wa Olympiastadion mjini Munich, inabidi autazame mkanda wa fainali ile ya Ligi ya Mabingwa huku akijizuia kuufuata mpira. Amtafute Zinedine Zidane, jezi namba 21 ya Juventus, kisha aangalie hatua moja au mbili kando yake. Yule mwenye jezi ya njano ya Borussia Dortmund, asiyerusha mikono wala kumlalamikia mwamuzi, ndiye Lambert.

Alizaliwa Glasgow mwaka 1969 na kukulia Linwood, karibu na Paisley. Klabu ya kwanza kumpa kazi ilikuwa St Mirren, na mwaka 1987, akiwa na miaka 17 tu, alikuwa uwanjani timu hiyo ilipoifunga Dundee United bao 1-0 katika muda wa nyongeza na kutwaa Kombe la Uskoti. Kijana akianza hivyo, watu hutegemea makubwa yafuate upesi. Kwa Lambert hayakufuata. Alibaki St Mirren hadi mwaka 1993, kisha akahamia Motherwell, klabu ya mji wa viwanda vya chuma isiyokuwa na fedha za kushindana na vigogo wawili wa Glasgow. Huko hakuwa bado kile tunachokiita namba sita. Alikuwa kiungo wa kukimbia, mara katikati, mara upande wa kulia, akipanda na kushuka. Msimu wa 1994/95 Motherwell ilimaliza ligi ikiwa ya pili nyuma ya Rangers, jambo kubwa kwa timu ya kiasi chake.

Mwanzoni mwa msimu huohuo Motherwell ilipangwa na Dortmund katika Kombe la UEFA, ikafungwa 1-0 Ujerumani na 2-0 nyumbani. Lambert alicheza. Alipata kuona kwa macho yake namna timu ya kocha Ottmar Hitzfeld inavyosogea kwa pamoja, na jinsi nafasi inavyozibwa hata kabla mpinzani hajajua kwamba anaihitaji. Kisha, Desemba 1995, mahakama ya Ulaya ikatoa hukumu ya kesi ya Bosman, na mchezaji aliyemaliza mkataba akawa huru kwenda klabu ya nchi nyingine bila ada ya uhamisho. Mkataba wa Lambert uliisha mwaka uliofuata. Akaenda Dortmund kufanya majaribio.

Neno hilo, majaribio, lastahili kupewa uzito wake. Huyu hakuwa mtoto wa akademia. Alikuwa mtu wa karibu miaka 27, mwenye mechi nyingi za ligi nyuma yake, anabisha hodi kwa mabingwa wa Ujerumani na kusema nitazameni. Hakujua Kijerumani. Katika chumba cha kubadilishia nguo walikuwamo Matthias Sammer, ambaye mwaka huo ndiye aliyetwaa Mpira wa Dhahabu, Andreas Möller, Jürgen Kohler, na Mreno Paulo Sousa aliyetoka kuchukua Ligi ya Mabingwa akiwa na Juventus. Hitzfeld alimtazama, akampa mkataba, kisha akambadilishia kazi. Alimweka katikati, mbele ya mabeki, na kumfundisha kukaa. Kwa mtu aliyelelewa katika soka la Uskoti, ambako kiungo husifiwa kwa jasho, kujifunza kukaa ni kujifunza upya kutembea.

Kazi ya namba sita wa Hitzfeld ilikuwa na hatua zake, na zote zinaonekana katika fainali ile kwa mwenye subira. Ya kwanza hufanyika kabla mpira haujafika. Didier Deschamps au Vladimir Jugović anapoupata mpira katikati, Lambert hugeuza shingo mara mbili: mara moja kumwangalia aliyeushika, mara moja kumwangalia Zidane. Halafu tena. Mitaani kwetu kukaba kwa macho ni lawama, maana yake ni kumwacha mtu huku ukimtazama tu. Lambert aliyatumia macho kuanza kazi, na miguu ikaikamilisha. Pasi ilipoanza safari yake kuelekea kwa Zidane, naye alikuwa ameshaanza yake.

Hatua ya pili ni umbali, na hapa ndipo ufundi ulipo hasa. Ukimsogelea mno mchezaji wa aina ya Zidane, anaupokea mpira huku mgongo wake ukikuhisi, anakuegemea, anazunguka kwa kukutumia wewe kama ekseli, na ameondoka. Ukimwachia mno, anageuka, anainua kichwa, na Alen Bokšić na Christian Vieri tayari wanakimbia. Urefu unaofaa ni kama wa mkono ulionyooshwa, nao haukai hivyo hata sekunde mbili. Lambert aliufupisha pasi ilipokuwa njiani na kuurefusha kidogo mpira ulipotulia, kama mvuvi anayelegeza na kuvuta mshipi bila kuukata. Vidole vyake hugusa kiuno cha Mfaransa kwa nukta moja, vya kutosha kujua uzito wake umeelemea upande gani, kisha huondoka kabla mwamuzi hajapata cha kupulizia filimbi.

Kuna pia namna ya kusimama. Anayejifunza kukaba husimama uso kwa uso, miguu sambamba, na chenga moja humgandisha. Lambert husimama upande, mguu mmoja mbele, magoti yamelegea, uzito ukiwa mbele ya wayo. Kwa kusimama hivyo anakuwa ameshafunga njia moja na kuacha nyingine wazi, nayo ni njia aliyoichagua yeye: ya kurudi nyuma, au ya pembeni kuelekea chaki, ambako Zidane ana nafasi chache za kuumiza. Mara nyingi Zidane aliipitia njia hiyo. Alipokea, akatazama, akaurudisha mpira kwa Deschamps. Mtangazaji hasemi kitu pasi kama hiyo inapopigwa. Mimi naona ndizo pasi zilizoishinda fainali ile.

Ngumu kuliko zote ni kutojitupa. Zidane aliishi kwa kuwasubiri watu wajitupe. Huukanyaga mpira, huuvuta, huuonyesha, humwita mpinzani auchukue. Mguu ukinyooshwa tu, ameuhamishia mguu wa pili na kumwacha mwenzake akiwa ameketi nyasini. Kila mkabaji mwenye damu mwilini hutamani kuunyosha mguu huo. Lambert alikaa. Alirudi nyuma hatua moja, mbili, akaacha aonyeshwe alichoonyeshwa, na akangoja mpira utengane na kiatu kwa upana wa kiganja. Hapo ndipo aliingia. Wakati mwingine hakuingia kabisa, kwa sababu Kohler au Sammer walikuwa wameshafika, na kumchelewesha kulitosha.

Sidai kwamba Zidane alipotea usiku ule. Mtu kama yeye hapotei. Aliponyoka pale alipoweza, na kuna shuti lake lililogonga nguzo, ambalo kama lingeingia, huenda leo tungekuwa tunaandika habari nyingine. Wapo wanaosema alikuwa amechoka, msimu wake wa kwanza Italia ukiwa mrefu. Maneno hayo hayamtendei haki Mskoti. Wiki chache tu baada ya msimu uliofuata, tarehe 12 Julai 1998, Zidane huyohuyo aliifunga Brazil mabao mawili ya kichwa katika fainali ya Kombe la Dunia. Pale Munich alikuwa na miaka 24, mzima wa miguu, na mbele yake alikuwapo mtu aliyekuwa amejiandaa.

Na mtu huyo hakuja kukaba tu. Dakika ya 29 Dortmund walipata kona, mabeki wa Juventus wakaiondoa nusunusu, na mpira ukamfikia Lambert upande wa kulia. Itazame krosi ile polepole. Hakuupiga kwa nguvu kuurudisha tu kwenye msongamano, kama wafanyavyo wengi mpira unapowarudia. Aliuinua kwa upande wa ndani wa mguu wa kulia, ukapita juu ya mabeki waliokuwa bado wanatoka, ukashuka kwa Karl-Heinz Riedle katika eneo la hatari. Riedle akautuliza kifuani na kumfunga Angelo Peruzzi. Dakika tano baadaye Riedle alifunga tena, kwa kichwa, kutokana na kona ya Möller. Alessandro Del Piero, aliyetoka benchi, aliurudisha mchezo kwa kisigino dakika ya 65. Dakika ya 71 Lars Ricken, sekunde chache tu tangu aingie, alimwona Peruzzi ametoka langoni na kuupiga mpira kutoka mbali ukampita juu. Matokeo yakawa 3-1, na kombe likaenda Dortmund.

Lambert akawa mchezaji wa kwanza kutoka Briteni kulitwaa kombe hilo tangu lianze kuitwa Ligi ya Mabingwa. Kwenye karatasi za takwimu, kilichoandikwa mbele ya jina lake ni ile krosi moja. Kazi ya dakika nyingine zote haina safu yake.

Hakukaa sana baada ya hapo. Novemba 1997 alirudi nyumbani kujiunga na Celtic, na mechi yake ya kuaga Dortmund ilikuwa dhidi ya Parma, katika mashindano yaleyale. Mashabiki wa Westfalenstadion, wanaojua wanachokitazama, walimpa maagano ambayo kwa kawaida hupewa mchezaji aliyezeekea klabuni. Yeye alikuwa amecheza pale kwa zaidi kidogo ya mwaka mmoja.

Celtic ilimhitaji kwa jambo mahususi. Rangers walikuwa wamechukua ubingwa mara tisa mfululizo na walikuwa wanausaka wa kumi. Tarehe 2 Januari 1998 timu hizo zilikutana Celtic Park, Craig Burley akafunga la kwanza, na la pili likatoka kwenye mguu wa Lambert: shuti la mbali lililopanda moja kwa moja hadi juu ya wavu. Mwisho wa msimu ubingwa ulikuwa wa Celtic. Mwezi uliofuata alikuwa Stade de France, katika mechi ya ufunguzi wa Kombe la Dunia, Uskoti ikifungwa na Brazil 2-1. Katika maisha yake aliichezea Uskoti mechi 40.

Chini ya Martin O'Neill, Celtic ilichukua mataji yote matatu ya nchi msimu wa 2000/01. Neil Lennon alipojiunga katikati ya msimu huo, wakawa viungo wawili wanaogawana kazi moja. Lennon akipanda, Lambert anabaki. Mmoja akivutwa pembeni, mwingine anateleza kuziba. Tarehe 21 Mei 2003, mjini Seville, Lambert aliiongoza Celtic akiwa nahodha katika fainali ya Kombe la UEFA dhidi ya Porto ya José Mourinho. Henrik Larsson alifunga mara mbili, lakini Porto walishinda 3-2 katika muda wa nyongeza. Mbele yao, upande wa Porto, alikuwapo Deco, namba kumi wa aina ileile inayongoja watu wajitupe. Lambert alikuwa anakaribia miaka 34. Magoti hayakuwa yale ya Munich, lakini shingo ilikuwa bado inageuka mara mbili kabla ya kila pasi.

Baadaye alisomea ukocha Ujerumani, alikojifunzia kukaa, na akiwa kocha wa Norwich City aliipandisha daraja misimu miwili mfululizo, 2010 na 2011, kutoka daraja la tatu la Uingereza hadi Ligi Kuu.

Nafasi ile ya mbele ya mabeki pale Celtic Park imepita kwa watu wengi tangu wakati huo, akiwemo Victor Wanyama wa Kenya. Kuhusu usiku wa tarehe 7 Novemba 2012, Celtic ilipoifunga Barcelona 2-1, kila mmoja wetu anakikumbuka kichwa chake cha dakika ya 21 kutoka kwenye kona ya Charlie Mulgrew, na tutaendelea kukikumbuka. Lakini mechi ile inayo pia dakika nyingine, Barcelona wakiwa na mpira karibu muda wote, Xavi na Iniesta wakiuzungusha mbele yake. Mtazame Wanyama katika dakika hizo: namna anavyosimama upande, mguu mmoja mbele, na idadi ya mara anazoombwa aunyoshe mguu naye akakaa.