Anwani yenye pengo: kutafuta kwa herufi mbili

Kwenye sehemu ya anwani ya kivinjari, andika wk, acha nafasi, andika Mwankoko, kisha bonyeza Enter. Kivinjari hakipitii Google wala hakifungui ukurasa wa mwanzo wa Wikipedia. Kinatua moja kwa moja kwenye makala ya Wikipedia ya Kiswahili inayoieleza kata hii ya Manispaa ya Singida. Kurasa mbili zimerukwa, na bando la kuzifungua halijaguswa.

Siri iko kwenye anwani. Ukitafuta neno lolote ndani ya Wikipedia, tazama juu, pale penye anwani ya ukurasa: neno lako limeingizwa humo. Umbo lake ni hili: https://sw.wikipedia.org/w/index.php?search=alizeti. Yaliyo kabla ya alama ya kuuliza yanataja mahali, na yanayofuata ni ujumbe unaopelekwa hapo. Sasa toa neno alizeti, weka alama %s mahali pake. Umetengeneza anwani yenye pengo. Ukiipa jina fupi, tuseme wk, kivinjari kitajaza pengo hilo kwa chochote utakachoandika baada ya wk, na nafasi kati ya maneno kitazigeuza kuwa alama zinazoruhusiwa kwenye anwani. Wikipedia nayo ina hisani yake: neno likilingana na kichwa cha makala, inakufikisha kwenye makala yenyewe, lisipolingana, inakupa orodha.

Jambo hili si geni. Firefox toleo la 1.0, lililotoka tarehe 9 Novemba 2004, tayari liliruhusu alamisho kupewa neno la mkato. Mwaka 2005 kampuni ya A9, iliyokuwa chini ya Amazon, ilileta utaratibu wa OpenSearch, ambao kwa huo tovuti yenyewe hukitambulisha kisanduku chake cha kutafutia kwa kivinjari. Chrome ilipozaliwa mwaka 2008 iliufuata mkondo huohuo. Kwenye Chrome ya kompyuta, ingia kwenye mipangilio, fungua sehemu ya injini za utafutaji, na utakuta mahali pa kuongeza yako mwenyewe: jina, neno la mkato, na anwani yenye %s. Hakuna zaidi ya hapo.

Lakini kwangu mimi Wikipedia ni mazoezi tu. Kazi halisi ni matokeo ya mitihani.

Siku Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) linapotangaza matokeo ya kidato cha nne, mzazi huandika kwenye Google neno matokeo na mwaka, na mara nyingi anaangukia kwenye blogu zinazoishi kwa matangazo. Kila moja inamwahidi kiungo, kila moja inamlia MB zake. Hata akifika kwenye tovuti ya Baraza, bado ana safari: achague mtihani, achague mwaka, kisha afungue orodha yenye maelfu ya shule za nchi nzima ili aitafute moja. Mwenye steshenari anayehudumia foleni ya wazazi huirudia safari hiyo kwa kila mteja.

Tazama basi anwani ya ukurasa wa shule mwishoni mwa safari hiyo. Katika matokeo ya miaka ya karibuni, jina la ukurasa limejengwa kwa namba ya kituo cha mtihani, yaani herufi s na tarakimu nne, halafu .htm. Watahiniwa wa kujitegemea wana herufi p. Kwa hiyo fungua ukurasa wa shule moja, nakili anwani yake yote, futa namba ya kituo peke yake, weka %s, na uiite mato. Pengo si lazima liwe mwisho wa anwani. Linaweza kukaa katikati, na .htm ikabaki nyuma yake. Tangu hapo, kuandika mato na namba ya kituo kwa herufi ndogo kunatosha kuifungua shule yoyote.

Tahadhari moja. Anwani hiyo ina mwaka ndani yake, na Baraza limewahi kubadilisha hata jina la seva. Kila matokeo mapya yanapotoka, fungua shule ya kwanza kwa njia ndefu, ulinganishe anwani, na urekebishe mkato wako mara moja. Dakika moja ya kazi hiyo inalipwa na foleni nzima.

Zipo tovuti zisizokubali mbinu hii. Nyingine hupeleka neno lako kwa siri bila kuliandika kwenye anwani. Ukitafuta na anwani isibadilike, jua hapo hapana pengo la kutoboa. Nyingine zina utafutaji dhaifu. Kwa hizo, ikope Google: https://www.google.com/search?q=site:necta.go.tz+%s hutafuta ndani ya tovuti ya Baraza pekee. Ukiweka site:go.tz, unatafuta katika tovuti zote za serikali ya Tanzania, na blogu za matangazo zinabaki nje. Huu ndio mkato ningeuweka kwenye kila kompyuta ya shule ya sekondari.

Kwa simu hali ni ngumu kidogo, na simu ndizo zilizo mikononi mwa wengi. Chrome ya Android haikupi nafasi ya kuandika anwani yako yenye %s. Firefox ya Android inakupa, katika mipangilio yake ya utafutaji. Njia nyingine ni kuifanya DuckDuckGo kuwa injini yako ya kawaida: ukianza na !yt, neno lako linapelekwa YouTube. Ila hapo mikato ni ya DuckDuckGo, si yako, na ombi hupita kwao kwanza.

Kama una steshenari Mwankoko, au mjini Singida, au popote wazazi wanapopanga foleni, usingoje matokeo yajayo. Fungua leo matokeo ya mwaka uliopita, nakili anwani ya shule ya sekondari iliyo jirani nawe, uweke %s, uujaribu mkato wako kwa shule tatu.