Fundi Asomaye Kabla ya Kufuta

Umeme ukikatika ghafla huku Kuresoi, seva ya ushirika wa maziwa huzimika ikiwa katikati ya kuandika. Ukirudi, huenda hifadhidata ya MySQL isiamke. Karani huiondoa programu na kuisakinisha upya, nayo hukataa: huduma yenye jina hilo tayari ipo. Katika hali hiyo nilimwona fundi mmoja wa Keringet kazini, nikajua nimemwona bingwa.

Hakufuta kitu. Aliingia ProgramData, folda ambayo Windows huificha, ambamo data hubaki hata programu ikishaondolewa. Akafungua faili la hitilafu linaloishia na .err, akalisoma kutoka mistari ya mwisho akipanda juu, polepole, kidole kikifuata saa na dakika. Kisha akanakili folda nzima ya data kwenye diski ya nje, pamoja na faili la ibdata1, maana majedwali yakichukuliwa bila faili hilo kwa kawaida hayafunguki. Nakala ilipokamilika ndipo alipoandika amri ya sc delete kuliondoa jina la huduma ya zamani, akahakikisha poti 3306 haijashikwa na programu nyingine, akasakinisha toleo lilelile lililoiandika data ile.

Ndivyo afanyavyo mama wa Kikipsigis: hamimini maziwa mapya kwenye sotet, kibuyu cha maziwa, chenye masalia. Hukisugua kwanza kwa kijinga cha mti wa senetwet. Lakini havunji kibuyu.

MySQL ipo tangu 1995. Miaka yote hiyo imekuwa ikiandika maradhi yake yenyewe, ikimngoja msomaji.

Wasomaji wanapungua. Siku hizi shauri la kwanza ni kufomati mashine, na anayelitoa huondoka akiamini ametengeneza. Kumbe mle ndani mna lita za mjane wa Olenguruone aliyetembea na debe lake alfajiri, siku baada ya siku, akitegemea malipo ya mwisho wa mwezi. Zikifutwa, atadai kwa ushahidi gani?

Vijana wetu tumewafundisha kusakinisha, tukawapa vyeti. Kusoma kilichoharibika, na kukihurumia kabla ya kukigusa, hatukuwafundisha. Hasara yake hatuilipi sisi. Anailipa aliyepeleka maziwa.