Heko, Wanoa Visu wa Mombasa

Kisu cha dukani hakimjui mwenyewe. Kukifahamisha ni kazi ya fundi wa cherehe na tupa, na kwa hiyo nawapa heko wanoa visu wa Mombasa, wanaohudumia soko la Marikiti na vichochoro vya Mji wa Kale. Muuza samaki hutaka ubapa mwembamba, unaopinda kufuata mfupa wa nguru. Muuza madafu hutaka panga fupi lenye uzito. Fundi hupunguza chuma kidogo kidogo, akikichovya majini kila mara, kwani kikishika moto hadi kikageuka buluu, ugumu umekwenda na makali hayakai tena. Kisha mpini: huchongwa, hujaribiwa kiganjani, huchongwa tena. Mwenye haraka na akanunue kisu kingine.